Ndege Mmoja, Mashahidi Wengi

Utazamaji wa ndege kwa makundi, yaani desturi ya watu kadhaa kutoka pamoja alfajiri wakiwa na darubini na daftari ili kuwatafuta, kuwatambua na kuwaorodhesha ndege wa mahali fulani, ni shughuli ambayo katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki bado huhesabiwa kuwa ya watalii, na mtu anayesimama kando ya njia akielekeza darubini kwenye kilele cha mwembe huweza kudhaniwa kuwa mpima ardhi au hata mpelelezi. Katika pwani ya KwaZulu-Natal, jimbo la mashariki mwa Afrika Kusini linalopakana na Bahari ya Hindi, dhana hiyo imefifia, kwa kuwa wanachama wa vilabu, waongozaji waliozaliwa vijijini na watafiti wa vyuo vikuu wamezoea kukutana katika misitu na matope yaleyale, na orodha zinazotokana na matembezi yao zimekuwa sehemu ya ushahidi wa namna mazingira yanavyobadilika. Linalostahili kuelezwa ni sababu inayolifanya kundi, pamoja na minong'ono yake na mabishano yake, lifikie uhakika ambao mtu mmoja, awe mjuzi kiasi gani, huupata kwa shida.

Pwani hiyo imo katika ukanda wa nusutropiki, yaani eneo lililo nje kidogo ya Tropiki ya Kaprikoni, ambako kuna majira ya baridi lakini baridi yenyewe ni ya upole. Mji mdogo wa St Lucia, ambao ndio kituo kikuu cha matembezi ya aina hii, uko karibu na nyuzi 28 kusini mwa ikweta, na kwa kawaida latitudo hiyo isingetazamiwa kuwa na mikoko na ndege wa nchi za joto. Hata hivyo mkondo wa bahari wa Agulhas huteremsha maji ya vuguvugu kutoka kaskazini na kuyapitisha karibu na ufuo, hivyo ukanda mwembamba wa pwani hubaki na joto na unyevu kuliko bara lililo nyuma yake. Matokeo yake ni kwamba ndege wengi ambao makao yao yanaanzia Kenya na Tanzania na kupitia Msumbiji hufika hapo kama ulimi unaojipenyeza kusini, na kwa baadhi yao hapo ndipo mwisho wa safari. Eneo la St Lucia, lenye ziwa, mlango wa mto, matete, vilima vya mchanga vilivyofunikwa na msitu, na fukwe, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999, na mwaka 2007 likapewa jina la iSimangaliso, neno la Kizulu lenye maana ya ajabu au muujiza. Aina za ndege zilizowahi kuandikwa humo ni zaidi ya 500.

Matembezi ya kawaida huanza mapema kuliko wageni wengi wanavyopenda, kwa kuwa jua la Desemba huchomoza huko kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na saa mbili zinazofuata ndizo ambazo ndege huimba, hula na kujitokeza zaidi kabla joto halijawarudisha kivulini. Kundi linalofaa ni dogo. Watu wanane au kumi huweza kutembea kwenye njia ya msituni bila kuwashtua wanyama, ilhali wakifika ishirini wale wa nyuma huona migongo ya wenzao tu. Mmoja huongoza na mwingine hushika orodha. Ni vyema pia mzoefu mmoja akae nyuma kabisa, maana ndege wengi waliotulia wakati kiongozi anapita hujitokeza baada ya watu watano au sita kwisha kupita, na yule wa mwisho ndiye huwaona.

Vifaa ni vichache. Darubini inayopendelewa huandikwa namba 8x42, ambapo namba ya kwanza huonyesha kwamba kitu hukuzwa mara nane na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Darubini ya mara kumi au kumi na mbili huonekana bora dukani, lakini msituni humfanya mtu aone eneo dogo na kila mtetemo wa mkono wake hukuzwa pia. Kwa ndege walio mbali juu ya matope huhitajika teleskopu yenye jicho moja iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, na hicho ndicho kifaa ambacho kundi hugawana kwa zamu, kila mtu akiinama, akitazama kwa sekunde chache, na kumpisha mwenzake. Kitabu kilicholea vizazi vya watazamaji wa huko ni kile cha Austin Roberts kuhusu ndege wa Afrika Kusini, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1940 na ambacho kimefanyiwa marekebisho mengi tangu hapo.

Katika msitu wa vilima vya mchanga sikio hutangulia jicho. Hondohondo mwenye pembe juu ya mdomo hulia kwa sauti inayofanana mno na kilio cha mtoto mchanga, na mgeni asiyeambiwa huweza kugeuka akimtafuta mama. Shorobo wa kijani mwenye kishungi hukoroma juu ya matawi bila kuonekana, kisha anaporuka huonyesha mbawa nyekundu kana kwamba amefunua bitana ya koti; rangi hiyo ina shaba ndani yake, kwa maana ni kemikali maalumu ambayo jamii ya shorobo huitengeneza katika manyoya yake, nayo haijulikani kwa ndege wengine. Chini, kororo, yaani kanga mwenye kishungi cha manyoya meusi, hupekua majani makavu kwa makundi. Kusini zaidi, katika msitu wa oNgoye ulio karibu na Mtunzini, huishi zuwakulu wa kijani, ndege mnene mwenye mdomo mzito anayekula matunda, ambaye katika Afrika Kusini nzima hapatikani penginepo, ilhali jamaa zake wamo katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kutengana huko hudhaniwa kuwa ni masalia ya enzi za kale, wakati misitu hiyo ilipokuwa imeungana au kukaribiana zaidi.

Tatizo la kwanza la kundi ni kuelekezana. Mtu mmoja amemwona ndege kwenye mti wenye majani elfu kumi, na wenzake tisa hawamwoni; akinyoosha mkono ndege huruka, na akisema "yule pale" hajasema kitu. Desturi iliyoenea ni kuufananisha mti na uso wa saa, ili kilele kiwe kwenye kumi na mbili, upande wa kulia kwenye tatu na upande wa kushoto kwenye tisa. Wasemaji wa Kiswahili wakiiga desturi hiyo inawapasa kupatana mapema, kwa sababu saa tatu ya Mswahili mshale mfupi huelekea kwenye namba 9, na nusu ya kundi ingekuwa ikitafuta upande wa kulia ndege aliyetulia upande wa kushoto.

Tatizo la pili ni zito zaidi, nalo ni kuaminiana. Mtazamaji aliyemwona ndege mdogo kwa nusu sekunde huwa na hakika kubwa kuliko ushahidi wake, na tamaa ya kuongeza jina kwenye orodha humjazia macho rangi ambazo hazikuwapo. Kundi lililofunzwa vizuri humhoji mtu huyo kwa upole: mdomo ulikuwa wa namna gani, mkia ulitikiswa au ulitulia, alikuwa chini au juu, alilia au alinyamaza, na je, kuna mwingine aliyemwona? Anayedai kuwa ameona aina adimu huombwa aeleze alichokiona kabla ya kitabu kufunguliwa, kwa kuwa picha iliyokwisha kutazamwa huingia katika kumbukumbu na kuichafua. Wengine huona utaratibu huo kuwa dharau kwa mzee au mgeni wa heshima, lakini ndio unaoipa orodha thamani yake. Mwenye kukubali kwamba hakuona vizuri hupata heshima ya kudumu katika vilabu hivi kuliko mwenye orodha ndefu.

Maji yanapoanza kujaa, kundi hupendelea kuwa mahali ambapo bahari inaingia na kutoka, na katika pwani hiyo mahali pafaapo zaidi ni matope na mikoko ya Richards Bay, bandari iliyofunguliwa mwaka 1976 na ambayo hujulikana zaidi kwa kusafirisha makaa ya mawe. Wakati wa maji kupwa ndege wa ufukweni hutawanyika juu ya matope mapana, wakila minyoo, konokono na kaa wadogo, na huwa mbali mno kwa darubini. Maji yakijaa husukumwa kidogo kidogo hadi kwenye ukingo wa mchanga, ambako husongamana wakisubiri yapwe tena. Atakayefika saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, hasa wakati wa bamvua, huwapata wakimjia badala ya yeye kuwafuata, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Lamu au Bagamoyo angelieleza bila kitabu.

Hapo ndipo jicho lisilozoea hukata tamaa, kwa kuwa ndege mia kadhaa wa rangi ya udongo, wote wenye miguu myembamba, hukimbia huku na huko wakiwa wamechanganyika. Kiswahili huwaita wengi wao kitwitwi, na neno hilo hutosha kwa mtu anayepita, lakini ndani ya jina hilo moja mna wasafiri wa asili tofauti kabisa. Mmoja wao, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, huzaliana katika tundra ya Siberia ya kaskazini, hasa rasi ya Taimyr, kisha huruka maelfu ya kilomita kuja kukaa kusini mwa Afrika kuanzia Septemba hadi Aprili. Watafiti wa Afrika Kusini, akiwemo Les Underhill wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walionyesha kwamba idadi ya ndege wachanga wa aina hiyo wanaofika hupanda na kushuka kufuatana na wingi wa lemingi, wanyama wadogo wa jamii ya panya wanaoishi Aktiki. Lemingi wanapokuwa wengi mbweha wa huko hula hao. Wanapokwisha, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege, na msimu unaofuata fukwe za Afrika hupata wachanga wachache. Mchanga hutambulikana kwa kingo za rangi ya chai ya maziwa kwenye manyoya ya mbawa, nazo zaweza kuonekana kwa teleskopu nzuri mtu akiwa na subira. Hivyo wazee wastaafu waliokaa kwenye viti vya kukunja kando ya Bahari ya Hindi, wakihesabu wachanga na wakubwa, huwa wanasoma habari za mbweha ambao hawatawaona kamwe.

Matope hayohayo hutembelewa kwa nadra na ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mzito kama koleo, mlaji wa kaa, ambaye akionekana Richards Bay watu husafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Johannesburg kwenda kumtazama. Ndege huyo katika ghuba ya Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, ni mgeni wa kila mwaka anayekuja kwa makundi. Huzaliana katika pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Uarabuni ya kusini, Oman ikiwemo, na tofauti na ndege wengine wa ufukweni huchimba shimo kwenye mchanga na kutaga yai jeupe ndani yake, ambako joto la ardhi husaidia kuliatamia.

Hatari si nyingi, ila zipo. Mlango wa mto wa St Lucia una viboko mia kadhaa pamoja na mamba wengi, na usiku viboko huingia katika barabara za mji kula nyasi, kwa hiyo matembezi ya machweo kando ya maji hufanywa na watu walioshikamana, wakiwa na mwongozaji anayejua njia za wanyama. Adabu nayo ina kanuni zake: kiota hakisogelewi, ndege aliyelala hasumbuliwi ili aruke apigwe picha, na sauti iliyorekodiwa hutumiwa kwa uchache, kwa kuwa dume anayesikia mpinzani hewani huacha kula na kulinda makinda ili apigane na simu ya mtu.

Takribani kilomita 30 kaskazini mwa Durban, kwenye kilima cha Mount Moreland, kuna matembezi ya aina nyingine ambayo hayahitaji kutembea. Bonde lililo chini ya kilima lina matete yaliyomea kwenye eneo dogo la majimaji liitwalo Lake Victoria, jina ambalo msomaji wa Mwanza au Kisumu atalipokea kwa tabasamu, na katika miezi ya Novemba hadi Aprili watu wamekuwa wakikusanyika hapo jioni wakiwa na viti na mablanketi ili kuwatazama mbayuwayu wakirudi kulala. Kila mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi na amevuka Sahara kutoka Ulaya. Hukaa kusini kubadili manyoya yake, na matete yaliyozungukwa na maji humkinga dhidi ya wanyama wawindao usiku. Katika miaka ambayo uwanja wa ndege wa King Shaka ulikuwa ukipangwa karibu na hapo, idadi yao ilikadiriwa kufika milioni 3. Wahifadhi walipinga, wajenzi walihofia ndege kugonga injini, na suluhisho lililopatikana lilikuwa kuyaacha matete na kufunga rada ya kufuatilia makundi hayo, ili marubani na waongozaji wa safari za anga wajue mbayuwayu wako wapi. Uwanja ulifunguliwa Mei 2010. Bila watu waliokuwa wamekaa kilimani mwaka baada ya mwaka wakikadiria na kuandika, hoja ya kuyalinda matete ingekosa namba ya kusimamia.

Orodha ya siku hufungwa kivulini. Anayeishika husoma jina moja baada ya jingine, waliomwona ndege huitikia, na jina lenye mashaka hukatwa, wakati mwingine kwa manung'uniko. Kwa miaka mingi karatasi hizo ziliishia kabatini, hadi ulipoanza mradi wa kuchora ramani ya ndege wa kusini mwa Afrika, ambao awamu yake ya kwanza ilikusanya taarifa hasa kati ya 1987 na 1991, na ya pili ikaanza mwaka 2007. Katika awamu ya pili nchi imegawanywa katika vipande viitwavyo pentadi, kila kimoja kikiwa na dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo, yaani takribani kilomita 9 kwa 8. Mtazamaji au kundi hutumia angalau saa mbili ndani ya kipande kimoja, hupita kila aina ya mazingira yaliyomo, na kuandika aina za ndege kwa mfuatano wa kuonekana kwao, kisha anaweza kuongeza majina mapya hadi siku ya tano.

Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba hauhitaji kuhesabu ndege mmoja mmoja. Ikiwa orodha 100 zimeletwa kutoka kipande kimoja na aina fulani imo katika 60, basi aina hiyo hupatikana kwa urahisi. Ikiwa miaka kumi baadaye imo katika 15 kati ya 100, kuna jambo limetokea. Kwa hiyo ndege aliyekosekana huwa na uzito sawa na aliyeonekana, na ndiyo sababu orodha inayotaja ndege adimu peke yao, huku ikiwaacha kunguru na njiwa, haina faida. Kenya iliuchukua utaratibu huohuo wa pentadi mwaka 2013 kwa mradi wa ramani ya ndege wake, na Tanzania ina mradi wake wa atlasi ya ndege ulioanzishwa katika miaka ya 1980. Msingi wa matembezi ya pamoja upo pia: jijini Nairobi, matembezi ya Jumatano asubuhi yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971 yamewalea watazamaji wengi wa Kenya.

Lililobaki nyuma ni lugha. Kizulu humwita ndege inyoni, na Kiswahili cha zamani kina neno nyuni kwa maana hiyohiyo, kwa hiyo lugha hizi ni jamaa. Ila Kizulu kimetangulia: katika miaka ya 2010 mtaalamu wa majina Adrian Koopman na wenzake waliketi na waongozaji wa ndege wasemao Kizulu, wakakusanya majina ya vijijini, wakayalinganisha, na pale ambapo jina moja lilibeba aina kumi wakakubaliana majina mapya kwa kila moja. Waongozaji hao hawakuwa wasaidizi wa kubeba mizigo ya wasomi. Walikuwa mashahidi, kama walivyo msituni. Kiswahili, ambacho wasemaji wake wamekaa kandokando ya matope kama hayo kwa karne nyingi, bado huacha kitwitwi mmoja awe ndege ishirini, na majina yanayobuniwa na watu wachache mezani hayafiki kwa wavuvi, ambao bila shaka wana majina yao.

Msomaji anayeishi karibu na mikoko, iwe Kwale, Kilifi, Tanga, Rufiji au Pemba, anaweza kuanza bila teleskopu: atafute wenzake wanne, darubini mbili za kugawana na daftari moja, afike saa mbili kabla ya maji kujaa, na amkaribishe mvuvi mzee mmoja aeleze anavyowaita ndege anaowaona. Jina atakalolitaja liandikwe pamoja na kijiji chake na tarehe.